Marobota Kumi na Mawili ya Bwana Anton

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi. Nilifika kwenye ghala la tumbaku la Koboko na gauni langu la Jumapili, nimejipaka mafuta ya waridi mpaka shingoni, nikidhani kazi mpya hupokelewa hivyo. Mzee Adriko, mkuu wa wapanga madaraja, alinisogelea hatua mbili, akasimama, akanusa hewa.

"Wewe nenda oga," akasema. "Hapa pua iko kazini. Kesho kuja bila kunuka kitu."

Nililia njia nzima. Kesho yake nikarudi nimejisugua kwa maji matupu, na nikakaa pale miaka thelathini na moja.

Ninyi vijana mnaochambua kahawa pale Arua ndio mlionichokoza niandike. Juzi nilipokuja kumtazama binti yangu ofisini kwenu, nilichota punje za kahawa kwenye mfuko mmoja bila ruhusa ya mtu, nikanusa, nikawaambia mfuko huu umelala karibu na sabuni. Mlicheka. Kisha mmoja wenu akaenda stoo, akarudi ameshika kipande cha sabuni. Mkaniuliza, mama, ulikuwa unafanya kazi gani? Jina langu ni Candiru, na kazi yangu ilikuwa kunusa, kukunja na kutazama majani ya tumbaku, halafu kusema hili daraja la kwanza, hili la pili, hili rudi nalo kwenu.

Tumbaku yetu ilikuwa ya moshi. Mkulima anayatundika majani kwenye fito ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia, anawasha kuni chini yake na kuulea moto mdogo siku nyingi, mpaka jani linapata rangi ya kiatu cha zamani. Moto ukiwa mkubwa jani linaungua pembeni na kubaki bichi katikati. Na kila kuni inaacha harufu yake kwenye jani. Mzee Adriko alikuwa ananifunga macho kwa leso, ananipa jani moja moja, niseme limekaushwa kwa kuni gani. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabahatisha tu. Mwaka wa nne mkulima mmoja alikasirika nilipomwambia amechoma mkalitusi wa mpaka wa jirani. Alidhani jirani ndiye aliyeniambia.

Unyevu tuliupima kwa mkono. Unafumbata jani kiganjani, unahesabu pumzi tatu, unafumbua. Likibaki limejikunja kama kitambaa kilicholowa, ni bichi, litaoza ndani ya robota. Likivunjika, limekauka mno. Jani zuri linafunguka polepole, kama mtu anayeamka na hana haraka. Baadaye walituletea kipima unyevu, chombo chenye sindano mbili na namba zinazowaka. Kilikuwa kizuri na sikukipinga. Lakini hakikuwa na pua. Na utomvu wa tumbaku ukikushika mikononi, sabuni haiutoi. Ponda nyanya mbichi, ile ya kijani, usugue, kisha uoshe. Hilo nawapa bure.

Mzee Adriko alikuwa na makosa yake, msije mkadhani alikuwa malaika. Wakati mmoja alipitisha robota la bwana mmoja kwa kulitazama juu juu tu, maana walikuwa wanapiga soga. Siku mbili baadaye mke wa bwana huyo akaja ghalani, mwanamke mpole, hajui lolote. Akasema, "Samahani, wazee. Nyinyi hamujaona jiwe yangu ya kusagia? Naona bwana alibeba siku ya kuleta tumbaku." Tukalifungua robota. Jiwe lilikuwa katikati, limefunikwa vizuri kwa majani ya daraja la kwanza. Mzee Adriko alilibeba mwenyewe mpaka kwenye baiskeli ya yule mama, na mwezi mzima hatukuruhusiwa kutaja neno unga mbele yake.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza: mpanga madaraja mwenye mafua hapangi. Anafagia ua mpaka pua irudi. Yeye mwenyewe nilimwona akifagia, mkuu mzima, na wakulima wanamsalimia. Alipostaafu aliniachia meza yake na sheria hiyo. Mimi ndiye niliyeivunja.

Ilikuwa msimu wangu wa mwisho, Arua ikiwa imeshaitwa jiji. Ghala letu lilikuwa limepungua sana. Wanunuzi wakubwa walikuwa wameondoka, na wakulima wengi walikuwa wamegeukia maharage na kahawa. Siwaambii kwamba hilo lilikuwa baya. Niliona vilima vikibaki bila miti kwa sababu ya mabani yetu, na nimezika watu waliokohoa miaka mingi. Mimi sikuwahi kuvuta, na nanyi msianze. Lakini kazi iliyokulisha huwezi kuizungumzia kama vile hukuwa ndani yake.

Ndipo akaja Bwana Anton, mzungu mrefu wa umri wangu, miguu imeungua jua, kofia mkononi. Alikuwa na duka dogo huko kwao Ulaya la kuuza tumbaku ya kiko, yeye na mkewe na mashine moja ya kukatia. Miaka mingi alikuwa akinunua majani yetu kupitia wakala, asijue yanatoka wapi hasa. Sasa amekuja mwenyewe, tena kwa haraka.

"Sheria zinabadilika," alituambia kwa Kiingereza chake, na nikamtafsiria meneja wetu yale ambayo hakuyashika vizuri. "Kuanzia mwakani, kila mchanganyiko wa tumbaku lazima upelekwe maabara, uandikishwe, ulipiwe. Kampuni kubwa zinaweza. Mimi siwezi. Lakini nitakachokuwa nimekwisha kukifunga kwenye mikebe kabla ya siku hiyo, wataniruhusu nikiuze mpaka kiishe."

Meneja akauliza anataka kiasi gani.

"Marobota kumi na mawili. Ya miaka yote iliyobaki."

Nikamuuliza miaka yote ya nani. Akatabasamu. Akaniambia wateja wake wote ni wazee. Mmoja alikuwa dereva wa treni. Mmoja ni mjane anayevuta kiko cha marehemu mumewe, Jumapili tu, baada ya chakula. "Hakuna kijana anayeingia dukani kwangu, na sisikitiki," akasema. "Nataka tu niwe nayo ya kutosha mpaka wa mwisho wao."

Alikuwa na wiki sita. Meneja alifurahi kama mtu aliyepata mvua, maana oda ile ingetubakiza wazi msimu mmoja zaidi. Neno likapelekwa kwa wakulima wa Lobule: leteni majani ya moshi, yaliyopo na yanayokauka. Na mvua, ambayo haikuwa imealikwa, ikaja wiki ileile.

Mimi nikapata mafua.

Siyo homa, mafua tu, yale yanayoziba kila kitu mpaka chai inakuwa maji ya moto. Nilijua la kufanya. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Lakini wakulima walikuwa wamepanga foleni, meneja anazungukazunguka, na nilikuwa nimebakiza wiki nne kustaafu. Niliona aibu kusema kwamba pua ya Candiru imefungwa. Nikafunga kitambaa kichwani, nikaketi mezani. Siku tatu nilipanga madaraja kwa macho na mikono peke yake. Nilijiambia miaka thelathini na moja imo viganjani pia.

Majani mazuri kuliko yote siku zile yaliletwa na Taban wa Lobule, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mkulima makini. Rangi ilikuwa sawa kila mahali, na jani likafunguka kiganjani mwangu vile linavyotakiwa. Nikayainua puani kwa mazoea tu. Sikusikia kitu. Taban alikuwa amesimama mikono nyuma, ananitazama usoni. Nikaandika daraja la kwanza. Akavuta pumzi ndefu, akashukuru, akaondoka.

Marobota yakafungwa, yakapelekwa bohari la Arua kungoja lori.

Asubuhi ya siku ya lori niliamka na pua yangu imerudi. Mtu aliyepotewa na harufu huzipokea kwa furaha zikirudi, hata za choo. Nilisikia uji wa jirani, nikasikia udongo uliolowa. Kisha nikasikia mafuta ya taa. Nikashangaa, maana nyumbani kwangu hakuna taa ya mafuta, tuna ile ya jua. Nikaifuata harufu chumbani, kona kwa kona, kama mwendawazimu, mpaka nikafika kwenye msumari nilipotundika koti langu la kazi. Ilikuwa kwenye mikono ya koti, pale ninapokumbatia majani.

Niliketi kitandani. Hakuna kiko kinachostahimili mafuta ya taa. Hata jani moja kwenye mkebe linatosha kuharibu mkebe mzima.

Nikalifunga koti ndani ya mfuko wa plastiki, nikakodi bodaboda mpaka Arua.

Meneja nilimkuta uani kwenye bohari, akihesabu kamba. Nilimpa habari kwa sauti ya chini. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ukuta.

"Mama Candiru, lori naondoka saa nane. Wewe nasikia? Huko Ulaya wao nachanganya na vanila na vitu ingine mingi. Nani atanusa?"

"Mimi nimenusa."

"Wewe iko Koboko! Wewe hauko Ulaya." Kisha akalainika. "Mama. Wiki tatu imebaki. Wewe enda nyumbani, pumzika. Hii maneno haiko yako."

Nisiwadanganye, niligeuka kwenda. Nilifika getini. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kuagwa kwa keki na hotuba kama watu wengine. Lakini Bwana Anton alikuwa anaingia kwenye geti lilelile na kofia yake, akaniona, uso ukamfunguka.

"Nilikuwa nazungumza na mke wangu kwa simu," akasema. "Nimemwambia hatuna haja ya wasiwasi. Nimemwambia majani yetu yamepangwa na mama anayeweza kutaja kuni zilizoyakausha."

Nikafungua mfuko, nikampa koti. "Nusa mikono," nikasema.

Akanusa. Akanusa tena. Akalikunja koti taratibu, akanirudishia.

"Mangapi?" akauliza.

"Sijui. Nilikuwa na mafua nikaficha. Tufungue yote."

Meneja aliondoka uani. Tukaanza kukata nyuzi za marobota ambayo mimi mwenyewe niliyapitisha, mbele ya wapakiaji, mbele ya dereva, mbele ya wanawake wa chapati waliokuja kusimama getini. Kwenye kila robota niliingiza mkono mpaka begani, nikatoa jani la katikati, nikanusa, nikampa Bwana Anton naye anuse. La kwanza zuri. La pili zuri. La tano, kabla sijalifikisha puani, mpakiaji mmoja wa Sudani Kusini, mtu mzima mwenye ndevu, akasema kwa sauti, "Hii iko taa! Hii si tumbaku, iko taa!" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, machozi yakinitoka.

Manne yalikuwa yameharibika. Yote yalikuwa na alama ya Taban.

Bwana Anton aliketi juu ya robota zima. Hakufoka, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. "Manane," akasema. "Manane yatawatosha baadhi yao." Kisha akamwomba dereva angoje siku moja.

Kesho yake tulikwenda Lobule, mimi na yeye, na manne yale juu ya pikapu, maana utaratibu wetu ulikuwa kwamba jani lililokataliwa hurudishwa kwa mwenyewe na mpanga madaraja anamweleza sababu uso kwa uso. Taban alituona tukikata kona akasimama katikati ya maharage yake. Hakusubiri niseme.

"Kuni ililoa," akasema. "Moto nakataa. Mimi namwaga mafuta kidogo, kidogo tu, mara mbili."

"Taban, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, mimi nilijua wewe utanusa. Nilikuja na hofu. Wewe ulinusa, ukaandika namba moja. Mimi nikasema, basi, labda haiko mubaya. Kama Mama Candiru nasema iko sawa, mimi iko nani?"

Vijana wangu, nimetukanwa mara nyingi katika kazi ile. Niliwahi kurushiwa robota. Hakuna neno lililonipiga kama hilo. Nilikuwa nimepanga njia nzima jinsi nitakavyomkemea. Badala yake nikamwambia, pale pale kwenye maharage, kwamba pua yangu ilikuwa imeziba siku ile na niliona aibu kusema. Tulibaki tumesimama, watu wazima wawili, hakuna aliyejua aweke wapi mikono.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba akisikiliza yote. Bibi Poni, wa kabila la Kakwa, mwembamba kama ufito, na kiko chake cha udongo mdomoni. Akakitoa, akauliza, "Huyu muzungu nataka jani ya nini?"

Nikamweleza: sheria, mikebe, wale wazee wa Ulaya, mjane wa Jumapili. Alipenda habari za mjane. Akataka nizirudie.

"Serikali ya kwao nakataza wao kuvuta?"

Nikamtafsiria Bwana Anton. Akajibu hapana, hawajakataza, ila wanataka watu waache, na pengine wana haki.

"Hata daktari hapa nasema vile," Bibi Poni akasema. "Iko kweli. Lakini mimi iko muzee, na huyo mujane iko muzee." Akainuka kwa shida, akaingia ndani. Tukasikia kitu kizito kikiburutwa. Akamwita Taban akamsaidie.

Walitoka na vyungu viwili, midomo imezibwa kwa udongo mkavu. Alikuwa na vitatu, akatuambia. Aliona zamani kwamba vijana wanaacha kulima tumbaku, akaanza kujiwekea akiba mwaka hadi mwaka, jani lake mwenyewe la moshi, limesokotwa kama kamba, ili asije akakosa kabla ya siku yake ya kufa. Alipiga udongo kwa mchi mdogo, ukapasuka. Harufu iliyotoka pale sikuwahi kuikuta ghalani. Ilikuwa nzito na tulivu, kama matunda yaliyokaushwa karibu na moto. Bwana Anton alipiga goti, akaingiza uso kwenye chungu, na kwa muda mrefu tuliona kisogo tu.

"Hiyo ina miaka mingapi?" akauliza.

"Hii ilikuwa wakati huyu alioa," Bibi Poni akasema, akimwonyesha Taban.

Bwana Anton akasema hawezi kuchukua akiba ya mtu. Nikatafsiri. Bibi Poni akakasirika.

"Mwambie mimi sikuuliza yeye naweza ama hawezi. Mimi sitaki Lobule inuke mafuta ya taa huko Ulaya. Beba!"

Vyungu viwili si marobota manne, hata kwa hesabu ya mlevi. Lakini Bwana Anton alinieleza njiani kwamba jani la umri ule halitumiki kama tumbaku ya kawaida. Kipande kidogo tu katika kila mkebe kinatosha. Alivipakata vyungu magotini mpaka Arua, barabara yote, wala hakuniruhusu kumpokea hata kimoja.

Lori likaondoka na marobota manane na vyungu viwili. Wiki yangu ya mwisho niliagwa bila keki. Meneja alinipa mkono na kutazama pembeni, na mwaka uliofuata ghala likafungwa, kama ambavyo lingefungwa hata kwa kumi na mawili. Sasa yeye anauza mitambo ya jua mjini, tunasalimiana vizuri. Bwana Anton alinitumia picha kwenye simu ya binti yangu: rafu ndefu, mikebe imepangwa mpaka dari, na mkewe kando yake ameshika mmoja kama mtoto mchanga. Nilimpelekea Bibi Poni akaione. Akaitazama sana, akasema, "Nyumba yao iko safi." Kisha akazungumza mambo mengine.

Lakini nilikuwa nimeona kwamba kiko chake kilikuwa baridi, na nilipomuuliza alisema amepunguza, anavuta asubuhi tu. Chungu kimoja hakiendi mbali.

Mwaka jana, Taban alikuja nyumbani kwangu Koboko kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga mzigo mdogo wa majani. Alikuwa amepanda mistari michache nyuma ya ghala lake la mahindi, si ya kuuza, na kulijenga upya bani, dogo kama banda la kuku. Alisimama uani kwangu mikono nyuma, vilevile.

"Mama, leo pua iko?"

"Iko."

Nikachukua muda wangu. Nilikunja, nikahesabu pumzi tatu, nikafumbua. Nikanusa juu, nikanusa katikati, nikanusa kwenye shina. Kuni kavu, moto mdogo, siku nyingi. Hakuna kingine chochote.

"La kwanza," nikamwambia.

Alianza kuufunga mzigo upya, na tukiwa bado uani ngurumo ikasikika upande wa Congo na matone makubwa yakaanza kugonga bati. Nikamwambia aingie ndani angoje. Akatikisa kichwa, akasema chungu kimekwisha na mama yake anangoja. Akavua shati, akalifunika jani kwa shati lile, akalichomeka pande zote, akapanda baiskeli. Mvua ilimkuta hajafika hata barabara kubwa. Watu waliokuwa wamejikinga vibarazani walimpigia kelele na kucheka, mwanamume mzima kifua wazi anayekanyaga kuelekea Lobule, na yeye, kila baada ya hatua chache, anageuka nyuma kutazama kama shati limekaa sawa.